Shangazi Dekio na Nyumba ya Cherehani

Siku ya kwanza kumpelekea mwanangu, Shangazi Dekio alianza kwa kuninusa. Hakuniambia karibu wala hakuuliza nani kanielekeza. Alisogeza pua begani kwangu kama mtu anayechagua samaki, akasema, "Kiwanda cha sabuni. Upande wa kufunga karatasi, maana wale wa mapipa hunuka magadi."

"Ni kweli, Shangazi."

"Mnapewa ruhusa ya kunyonyesha?"

"Saa sita mchana, saa nzima."

"Basi utakuja. Mama asiyekuja saa sita simpokelei mtoto. Mimi natunza watoto, situnzi mizigo." Kisha akamtazama mwanangu nilivyomfunga mgongoni, mkono mmoja umechomoka nje, akacheka. "Na hiki kifurushi kinaitwaje?"

Toka siku hiyo mwanangu ni Kifurushi. Baba yake amejaribu kulifuta jina hilo, ameshindwa.

Haya yote tuliyasema nje ya geti, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imegoma kuvuka. Mtaa wetu wote uliijua ile nyumba. Iliitwa Nyumba ya Cherehani. Fundi cherehani mmoja, mwanamke, aliishi mle miaka tisa, na asubuhi moja mumewe alimuua kwenye chumba cha ndani. Mume yuko gerezani mpaka leo. Nyumba ikabaki haina mtu. Mpangaji wa kwanza baada ya hapo alikaa wiki moja. Wa pili alifika na godoro kichwani, akasimuliwa habari pale pale getini, akageuka na godoro lake bila hata kulishusha.

Wa tatu ndiye huyu Shangazi Dekio, na yeye hakugeuka.

Jina la Dekio alipewa hospitali. Alideki wodi za hospitali kubwa miaka ishirini na sita, na manesi wakawa wanamwita kwa kazi yake, kwanza kwa utani, mwishowe kwa heshima. Aliolewa mara moja. Mwenyewe husimulia hivi: "Niliolewa miaka minne, nikaachwa saa moja asubuhi, saa mbili nikaingia shifti." Hakuzaa, lakini alilea wadogo zake watano, na watoto wa hao wadogo. Alipostaafu, chumba cha wafanyakazi wa hospitali ikabidi akirudishe. Akahamia kwa mdogo wake wa mwisho. Kila usiku alikaa na mkeka wake umekunjwa mapajani, akisubiri wenye nyumba wamalize kutazama televisheni ndipo atandike sebuleni.

Mwenyewe alituambia akina mama bila kuzunguka: "Nilitafuta nyumba yenye uwanja na bomba la ndani, niweke watoto. Nimeipata hii tu. Mkiwatoa watoto wenu wote, mimi nyumba hii siwezi kuikalia, narudi kwenye mkeka. Na kwenye mkeka ule sirudi."

Basi siku ile ya kwanza, getini, aliniona miguu ilivyokataa.

"Unaogopa."

"Shangazi, mimi... watu wanasema..."

"Watu wanasema kweli. Mwanamke aliuawa humu. Sikufichi, mwanangu. Ingia nikuonyeshe na mahali penyewe."

Nilipita sebuleni, ambako watoto wakubwa wakubwa walikuwa wanagombea kifuniko cha sufuria, nikapita ukumbini, akanifungulia mlango wa chumba cha ndani. Sijui nilitegemea kuona nini. Niliona magodoro manne madogo yamepangwa chini, chandarua dirishani, sakafu inang'aa. Kulikuwa na ubaridi mzuri, ule wa nyuma ya mtungi wa maji.

"Chumba cha mbele jua linakipiga toka saa tatu, mtoto analala anaamka na vipele," akasema. "Hiki ndicho chenye hewa. Wachanga wanalala hapa."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Wewe ulijifungulia wapi?"

"Hospitali kubwa."

"Kitanda cha dirishani au cha mlangoni?"

"Cha pili toka dirishani."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa jirani wa zamani. "Kitanda kile nakijua. Mguu mmoja mfupi, tuliuwekea kipande cha mbao. Pale wamefia wanawake, mwanangu, wazuri kama wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nakiosha. Nakiosha, natandika shuka, kabla shuka haijakaa vizuri mwingine anapanda, anazaa, anacheka. Wewe ulipopanda hukuuliza nani kashuka. Ulipanda tu."

Nilikumbuka ule mguu wa kitanda. Ulikuwa unagonga sakafu kila nilipokaza.

"Kwa hiyo umepafukiza nini, Shangazi?" nikauliza, maana nilisikia wenye nyumba kama hizi huambiwa wafukize ubani.

"Nifukize nini? Nilideki. Maji, sabuni yenu ile ya mche, na dekio, mara tatu. Wewe ulimjua huyo fundi?"

"Alinishonea sare ya darasa la nne."

"Alikuwaje?"

Nikamweleza. Alikuwa mwanamke mfupi, anaimba na pini mdomoni. Kila sare ya mtoto aliikunjia pindo refu ndani, hata mzazi asipoomba. Alikuwa anasema mtoto anakua, nguo isimkimbie. Sare yangu ile niliivaa mpaka nikamaliza shule, mama anashusha pindo kila mwaka.

Shangazi Dekio alisikiliza mpaka mwisho. "Unaona sasa? Mtu kakaa humu miaka tisa, anashona, anaimba, anawaachia watoto wa watu pindo. Kufa kwake kumechukua dakika kumi. Nani kazipa hizo dakika kumi hati ya nyumba?"

Nikamwacha mtoto. Nisiseme uongo, uoga haukuisha. Niliuacha getini, na kila nilipotoka niliukuta umenisubiri.

Nyumbani mume wangu, ambaye ni mpaka rangi, alinisikiliza akiwa anajisugua vidole kwa mafuta ya taa. "Mji wote huu, mke wangu, umekosa nyumba nyingine?"

"Nitajie."

Akaongeza mafuta ya taa. Alijua kwamba kiwandani kuna wanawake wanasimama getini kila asubuhi wakisubiri mmoja wetu aumwe. "Basi mwambie mtoto asilale chumba kile."

"Atalala chenye ubaridi."

Nilijishangaa mwenyewe. Mimi si mtu wa kujibu hivyo.

Mwanzoni tulikuwa akina mama tisa. Shangazi Dekio hakumficha hata mmoja wapi mtoto wake analala, na hapo ndipo alipojiharibia, kama wanavyosema watu. Mmoja alimwambia dada yake, dada akamwambia jirani, na jirani hasa mwenye kazi hiyo alikuwa Mama Pacha.

Mama Pacha alikaa nyumba ya mkono wa kushoto, ukuta kwa ukuta. Ni mwanamke mwema. Ukiuguliwa, uji wa kwanza utatoka kwake. Ila mdomo wake hauna komeo. Alikuwa anaweka kiti mlangoni, akiona mama anakuja na mtoto anamwita: "Mwenzangu, hebu njoo. Unajua unakompeleka huyo malaika?" Tukabaki saba, tukabaki watano. Mimi pia aliniita.

"Najua, Mama Pacha. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua, na bado unapeleka? Chumba kile si cha kulala mtu! Chumba kile kifungwe, kipigiliwe mbao, kisahaulike!" Alisema hivyo ameking'ang'ania kiti chake kwa mikono miwili. Nilifikiri ni hasira.

Mama Pacha alimwendea hata mwenye nyumba, dereva mstaafu, mtu mpole anayemwogopa kila anayepaza sauti. Siku moja jioni nilimkuta amesimama nje ya geti, maana ndani hakuwahi kuingia toka msiba, anazungumza na Shangazi kupitia vyuma.

"Shangazi, watu wa mtaa wamelalamika. Kaa, lea watoto wako, sikukatazi. Lakini kile chumba cha ndani kisitumike. Nitaleta fundi akifunge moja kwa moja."

Shangazi Dekio alikuwa anakamua nepi. Akaikamua mpaka tone la mwisho. "Nimekusikia."

"Asante sana, asante, Mungu akubariki." Akaenda zake ameridhika kabisa.

"Shangazi, umekubali?" nikamuuliza.

"Nimesikia, mwanangu. Masikio ninayo, nisisikie?"

Yule mzee akahesabu kwamba mambo yamekwisha. Akilini mwake chumba kile kilikuwa kitupu toka dakika ile.

Nyuma ya Nyumba ya Cherehani kuna karakana ya mafundi wa bati. Wanafua masanduku na mabeseni toka asubuhi, nyundo ishirini kwa pamoja. Mgeni hawezi kusikia hata jina lake, lakini watoto wa Shangazi walizoea. Walikuwa wanalala ndani ya kelele zile kama wengine wanavyolala kwenye mvua.

Alhamisi iliyofuata nilitoka kiwandani kengele ya saa sita ilipolia, nikakata kona, nikaona watu kumi au kumi na wawili wamejazana getini kwa Shangazi. Mwenye nyumba yupo, kofia mkononi. Mama Pacha yupo, amejishikilia kwenye nguzo ya geti. Na hapo hapo, kama mtu aliyezima redio, nyundo za mafundi wa bati zikanyamaza. Wameenda kula. Mtaa ukawa kimya.

Katika ule ukimya tukasikia kilio. Kilitoka ndani ya nyumba, kimezibwa, kama mtu kafunikwa mto.

Fundi seremala akachomoka mlangoni mbio, misumari bado ameing'ata. Akaitema. "Kuna mtu analia mle! Nimeshapigilia mbao, kuna mtu analia ndani!"

"Nilisema!" akapiga kelele mmoja. "Sikusema? Marehemu amekataa kufungiwa!"

Wakatawanyika. Mwanamke mmoja aliacha kiatu, mwanamume mmoja mzima na ndevu zake alimpita mtoto wa shule kwa mbio. Mwenye nyumba alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ng'ambo ya barabara.

Mimi sikukimbia, wala si kwa ujasiri. Nilihisi kifua kinachoma, kisha kinalowa. Maziwa yalikuwa yameshuka, yamepenya gauni la kazi, yanatiririka mpaka tumboni. Maziwa hayashuki kwa mzimu. Yule alikuwa Kifurushi.

"Mwanangu," nikasema. Nikasema tena, "Mwanangu yumo mle!"

Shangazi Dekio akatokea uani, mikono imelowa mpaka viwikoni, amebeba mtoto mwenye povu kichwani. Alikuwa anawaogesha wakubwa nyuma, na kwa nyundo zile hakusikia lolote. Fundi aliingia kwa mlango wa mbele, akakuta mlango wa chumba cha ndani umerudishwa kuzuia nzi. Akagonga mbao mbili kubwa kwa misumari ya inchi nne, uso ameugeuzia pembeni ili asione hata tundu la kitasa. Hakuchungulia. Mtu mwingine yeyote, mlango mwingine wowote, angechungulia.

Shangazi alimweka mtoto wa povu chini. "Nani kapigilia?"

"Shangazi, si ulisema umenisikia!" mwenye nyumba akalia toka ng'ambo.

"Nilikusikia! Nilikuambia nimekubali? Fundi! Rudi na mtaimbo wako!"

"Mtaimbo huo hapo mlangoni, Mama, uchukue ni wako kabisa," fundi akajibu toka mbali. "Mimi sirudi."

Nikaokota mtaimbo, nikakimbia nao mpaka mlango wa chumba cha ndani. Ulikuwa mzito, mikono yangu inateleza. Vilio vilikuwa viwili sasa, na kimoja kilikuwa kinaanza kukwama, kama cha mtoto aliyelia mpaka anatafuta pumzi. Shangazi akashika upande wa pili wa mtaimbo. Tukaukita chini ya ubao wa kwanza, tukavuta, ukagoma.

"Tunahitaji wa tatu," Shangazi akasema, akatoka mpaka mlango wa mbele, mimi nyuma yake. Getini alikuwa amebaki mtu mmoja tu. "Mama Pacha! Njoo!"

Mama Pacha alikuwa ameshikilia ile nguzo kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Nilimsikia," akasema.

"Wote tunamsikia. Njoo!"

"Hapana. Siku ile. Nilimsikia siku ile." Alikuwa anazungumza na nguzo. "Ukuta wangu na wake ni mmoja. Alilia. Nikasema hao wameanza tena. Nikaongeza sauti ya redio."

Kwa vile nyundo zilikuwa zimenyamaza, kila mmoja mtaani alisikia, hata wale waliokimbia na sasa wanachungulia toka kwenye kona. Hakuna aliyemcheka, wala aliyeguna. Niliwatazama, nikaona wengi wametazama chini, na nikajua kwamba redio siku ile hazikuongezwa sauti nyumba moja tu.

Shangazi Dekio hakumfuta machozi wala hakumwambia pole. Alimfuata, akambandua vidole kwenye nguzo kimoja kimoja, akamwekea mtaimbo mkononi.

"Basi safari hii ingia," akasema.

Na Mama Pacha akaingia. Alipita ukumbini kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Tulivuta watatu. Ubao wa kwanza uling'oka na kipande cha fremu. Wa pili Mama Pacha aliung'oa karibu peke yake, akipiga kelele ambazo hazikuwa maneno.

Kifurushi alikuwa amekaa katikati ya godoro, kamasi mpaka kidevuni, mikono ameinyoosha juu. Wa pili alikuwa amejikunja pembeni ana kwikwi. Wa tatu alikuwa bado amelala fofofo, kidole mdomoni.

Nikakaa chini pale pale, kwenye sakafu ya chumba cha ndani, mgongo ukutani, nikamnyonyesha. Sikumpeleka sebuleni, sikumtoa nje. Alivuta kwa hasira, akinikazia macho, kama ananiuliza nilikuwa wapi. Mama Pacha akavua viatu kizingitini, akaingia, akamchukua yule wa kwikwi, akaanza kumpigapiga mgongo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sijui alikuwa anaomba au anamwambia mtoto, au anamwambia mtu mwingine. Sikumuuliza.

Mwenye nyumba alijikaza akafika mpaka mlango wa mbele, mara yake ya kwanza. "Shangazi, mimi nilitaka amani tu. Lakini unaona mambo yenyewe. Itabidi mwisho wa mwezi utafute pengine. Watu wa mtaa hawataki."

"Watu gani?" Shangazi alikuwa kwenye sanduku la zana aliloliacha fundi, anapekua. "Hawa waliomkimbia mtoto mwenye njaa?"

"Watu, Shangazi. Mtaa mzima. Mama Pacha mwenyewe..."

"Mimi usinitie humo," Mama Pacha akajibu toka ndani, bila kuinua sauti. "Tena usinitaje."

Mzee akatafuta jina lingine. Tulimwona analitafuta, anageuka kutazama barabarani, na kila aliyetazamwa akajifanya ana shughuli.

"Nitoe basi," Shangazi akasema. "Lakini njoo unitoe wewe, kwa mikono yako, humu ndani, mbele ya hawa watoto. Usimtume fundi." Alikuwa amepata alichotafuta, bisibisi. Akapiga magoti mbele ya ule mlango wa chumba cha ndani, akaanza kufungua bawaba. Parafujo zilikuwa na kutu. Alizifungua moja moja, akizipanga kwenye kiganja.

"Sasa huo mlango unautoa wa nini?" mzee akauliza, karibu analia.

"Asije mjinga mwingine akaupigilia. Si mnasema wenyewe nyumba njema si mlango? Haya, hii imekuwa njema kabisa. Fundi! Njoo ubebe, au huu nao unalia?"

Fundi akarudi kwa aibu. Yeye akashika juu, mwenye nyumba, bila kutaja tena mwisho wa mwezi, akashika chini, wakatoka nao. Watu barabarani walipishana nao wakisogea pembeni, wengine wakavua na kofia, utadhani wamebeba maiti. Shangazi alisimama getini, bisibisi kiunoni, akawapigia kelele, "Hiyo ni mbao! Mbao! Angalieni kona, msiwakwaruzie watu rangi!"

Nilirudi kiwandani nimechelewa dakika ishirini, gauni limekauka maziwa mbele. Msimamizi alinisimamisha mbele ya meza ya kufungia, wenzangu wote wanasikia.

"Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema mtoto anaumwa. Ndivyo tunavyosema siku zote.

"Nilikuwa namnyonyesha mwanangu," nikasema, "kwenye chumba alichouawa fundi cherehani. Analala pale kila siku. Kesho pia atalala pale, na mimi nitakuwepo saa sita."

Mashine iliendelea kutema vipande vya sabuni, lakini mikono ya meza nzima ilisimama, vikaanza kurundikana. Msimamizi akanitazama, akatazama sabuni, akasema, "Fungeni, fungeni, mnangoja nini?"

Jioni tukiwa tunabadilisha nguo, mwenzangu mmoja, ambaye tumbo lake lilikuwa limebakiza wiki chache, alinisogelea.

"Huyo Shangazi wako," akaninong'oneza, "anapokea wa miezi mitatu?"

"Anapokea," nikamwambia, na mimi sikunong'ona. "Ila ujue kabisa atalala chumba gani."